Paa la Gari la Darcy Lilipoanza Kupiga Mluzi

Shangazi Verna mpendwa,

Nisaidie, na ukiweza nisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili binti yangu Imogen anashiriki kwa mara ya kwanza mashindano ya kupanda mlima ya klabu yetu ya magari, na gari atakaloendesha ni la baba yake, na paa la gari hilo mimi siliamini hata kidogo.

Mume wangu Darcy alikuwa mpasua mbao kiwandani mpaka gogo lilipomwangukia mgongoni, akaacha kazi, na baada ya hapo akazama, Shangazi, sina neno jingine, akawa hanyoi ndevu, hataki wageni, hata kaka yake Royce akija anageuza uso ukutani, na mimi nikitoka kazini nilikuwa naogopa kufungua mlango wa nyumba yangu mwenyewe maana sikujua nitakuta nini. Kilichomtoa huko ni gari. Alinunua kigari cha zamani cha milango miwili, akakiingiza bandani, akaanza kukivua vitu ili kiwe chepesi, viti vya nyuma, mazulia, redio, na mwisho lile dirisha la paa, kioo pamoja na fremu yake na mota yake, kwa sababu alisema huo ni uzito umekaa juu pasipofaa, na tena ukivaa helmeti kichwa kinagonga. Pale kwenye tundu akabandika bamba jeusi la nyuzi za kaboni, jepesi hata nililiinua kwa vidole viwili. Siku hiyo nilimsikia akiimba. Nililia jikoni kwa furaha.

Lakini alilibandika Julai, baridi ya kisiwa chetu imekaza, banda halina hita, na alipaka gundi juu ya rangi ile ile ya gari inayong'aa. Hata mimi nikibandika kigae cha jikoni najua uso lazima ukwaruzwe kwanza. Nikamuuliza, “Hupigi msasa?” Akacheka. “Mama, wewe baki na vigae vyako. Gundi hii inashika mabawa ya ndege!”

Wiki iliyopita tulikuwa tunakwenda naye mjini Burnie, mimi na yeye tu, barabara kuu, mwendo wa kawaida, nikasikia mluzi mwembamba juu ya kichwa changu, nikadhani ni mlango haukufungwa vizuri, nikashusha kioo kidogo nisikilize, na hapo mluzi ukageuka ngoma. Darcy akapiga kelele, “Funga kioo! Merrin, funga kioo sasa hivi!” Na sauti hiyo ndiyo inayoninyima raha mpaka leo, Shangazi, kwa sababu haikuwa ya mtu aliyeshangaa, ilikuwa ya mtu anayejua. Nilipotazama juu niliona uzi wa mbingu kati ya bamba na bati. Lori la magogo likatupita kwa upande wa pili, upepo wake ukatupiga, bamba likainuka kwa mbele, likarudi kwa kishindo, na kwenye kioo cha pembeni nilimwona mtu wa pikipiki akija nyuma yetu. Nilifumba macho. Sikuwa nasali, nilikuwa nasubiri kusikia mtu akigongwa.

Tulisimama kando. Darcy alilifunga paa kwa utepe wa gundi, tabaka juu ya tabaka, kisha akaniambia, “Limeimba kidogo tu.”

“Darcy, lilikuwa linang'oka!”

“Wewe nawe! Ukisikia panya unasema ni simba.”

Amerudia gundi pale mbele tu, nyuma na pembeni hakugusa. Nikamwambia tumpe Royce aliangalie, maana Royce ndiye mkaguzi wa klabu, gari haliendi mlimani mpaka alipitishe. Akaniangalia kwa macho yale ya zamani, ya enzi za ugonjwa, akasema taratibu, “Ukimwambia Royce, umenizika mwenyewe.” Najua Royce atakagua breki na mikanda, paa hataligusa, kwa sababu ni kazi ya kaka yake.

Nikisema, nahofia nitampoteza mume wangu. Nikinyamaza, kule juu kuna kona ambazo gari likitoka njiani linabingirika, na mtoto wangu atakuwa chini ya kile kitu. Birika likipiga mluzi naangusha kikombe. Nifanye nini?

Merrin,
Ulverstone


SHANGAZI VERNA ANAJIBU

Merrin mwanangu, hofu yako si ya bure, na nakupa pole. Kuishi na mtu aliyekaribia kuzama ni kuishi ukimshika shati kila saa, unaogopa hata kupiga chafya. Hayo nayaelewa.

Ila sasa nikugombeze. Umemwandikia mwanamke usiyemjua, katika gazeti, kabla ya kumwambia Imogen. Kichwa kitakachokaa chini ya bamba hilo ni cha nani? Ni mtu mzima, ana leseni, ana akili zake. Umemficha hatari ya maisha yake mwenyewe ili baba yake asinune. Na yule wa pikipiki naye alikuwa na mama.

Barua yako ilinifikia Jumatatu na ukurasa huu hutoka Jumamosi, kwa hiyo sikungoja. Nilikupigia simu, nikakwambia maneno matatu: mwambie Imogen leo. Ulilia, ukakata simu, nikakasirika, nikadhani umenipuuza. Kumbe leo umenipigia tena. Sasa kwa ruhusa yako na ya Darcy, aliyeitikia kwa kichwa tu, nawasimulia wasomaji yaliyofuata, kwa sababu katika mabanda ya kisiwa hiki wako kina Darcy wengi.

Ulimwambia. Hakupiga kelele kama ulivyoogopa. Alikwenda bandani, wewe nyuma yake, akamuuliza baba yake, “Baba, ungenipandisha humu?”

“Ningelikaza kwa skrubu kabla ya siku yenyewe.”

“Hujalikaza.”

“Ningelikaza, Imo.”

“Baba, nimekuuliza ungenipandisha.”

Imogen mwenyewe akampigia Royce simu, mbele ya baba yake, na Royce akaja na kikwangulio cha plastiki, kile cha kuondolea rangi. Alikichomeka kwenye kona ya nyuma, akasukuma kidogo, na bamba lote likatoka mkononi mwake, zima, gundi yake imeganda chini laini kama sahani. Haikuwa imeshika rangi hata kidogo. Royce alilipindua, akamwambia kaka yake, “Ningelipitisha hili, Darcy. Ningekuamini wewe, nikalipitisha.”

Unasema tangu jana mumeo hajasema neno, na sasa hofu yako imehamia huko. Basi nisikilize vizuri.

Gari halitoki bandani Jumapili, hilo halina mjadala. Baadaye lipelekwe kwa fundi bodi, rangi ikwanguliwe, gundi ikauke penye joto, na akague pia kama fremu iliyotolewa ndiyo iliyokuwa ikilikaza paa. Bamba lenyewe halina kosa. Wengi wanalo na wanazeeka nalo. Darcy awepo fundi akifanya kazi, na asishike kitu.

Usimwombe msamaha kwa kumwokoa binti yake. Ukiomba, utamfundisha kwamba ugonjwa wake ni fimbo, na atakuchapa nayo tena. Lakini usimwambie “nilikwambia” pia. Anajua. Hakuna mtu aliyeliona tundu lile kwa uchungu kama yeye.

Mpigie daktari wake leo, kabla hujaosha vyombo, umweleze ukimya huu bila kupamba. Kama Darcy atatamka kwamba hataki kuishi, au ukiona dalili yoyote ya hivyo, usingoje miadi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na Royce akae naye kwenye kiti cha nyuma cha gari lako.

Na Jumapili nendeni mlimani wote. Royce anahitaji watu wa kushika bendera za kuonya madereva kwenye kona, nimemuuliza, na Imogen amekubali. Pakia chai na mikate ya nyama, mvalishe mumeo koti, mwingize kwenye gari lako hata kama hataki kusema na mtu. Akinyamaza njia nzima, mwache anyamaze. Ila asinyamaze peke yake.