Anastasia, Uliyemfunda Mkweo Ukiwa Umempa Mgongo

Mwaka umetimia sasa, Mama Sebastian, tangu ulipotutoka asubuhi ya Jumapili, ukiwa umeshavaa gauni la kanisani na kiatu kimoja. Hukuugua. Ulisema kifua kimekubana kidogo, ukaomba maji, na maji yalipofika hukuwahi kuyanywa.

Nyumba yetu ya Mbagala ipo kama ulivyoiacha, ila imepoa. Wateja wako wa kisamvu walituulizia habari zako mpaka tukachoka kujibu. Mmoja alilalamika kwamba kisamvu anachonunua siku hizi kina vijiti. Tulimwambia asishangae, maana wewe ulichambua kila kikonyo kwa mkono, ukatwanga, ukaonja, na kama hakijalainika ukatwanga tena huku wenzako wameshafika sokoni.

Ulikuwa mtu wa salamu. Safari ya dukani ilikuchukua asubuhi nzima. Kila mtoto wa kiume ulimwita baba na kila wa kike ulimwita mama, ukasema ni heshima, ingawa sisi tulijua ni kwa sababu majina yao yalikuchanganya. Redio uliizima kila ilipofika taarifa ya habari, na mumeo akaiwasha, miaka yote ya ndoa yenu, wala hakuna aliyewahi kukasirika.

Na ulikuwa kungwi. Wasichana wa mtaa wetu walipovunja ungo, mama zao, Wakristo kwa Waislamu, waliwaleta kwako na kwa shoga yako Hamida mkawafunda namna ya kujitunza na kujiheshimu. Mlianza kazi hiyo Masasi mkiwa bado vijana, mkahamia nayo Dar es Salaam.

Leo tunataka kumtaja mwali wako mmoja, ambaye ametupa ruhusa tumseme. Ni Jesca, mke wa Sebastian.

Jesca ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa utaratibu na mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Alipofika miaka arobaini na sita, kicheko kile kikapotea. Usingizi ulimkimbia. Jasho lilimtoka mpaka shuka likawa la kukamua. Moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu. Darasani alisahau majina ya watoto, akawafokea, kisha akaenda kujifungia chooni kulia.

Kisha siku zake zikakatika miezi kadhaa. Wifi zako wakaamua kwamba kuna mtoto, wakaleta uji wa ulezi na kuku wa kienyeji. Jesca mwenyewe akaamini. Akaanza kumchagulia mtoto jina moyoni. Damu ilipokuja, ikaja nyingi, akajua amempoteza, wala hakumwambia mtu. Kumbe mimba haikuwapo tangu mwanzo. Lakini msiba alioubeba moyoni ulikuwa msiba wa kweli.

Sebastian alidhani mkewe amemchoka. Wifi zako sasa wakasema ana jini. Siku moja, ukiwa uani, ulimsikia Jesca akianua nguo na kumwambia mumewe kwa sauti ya upole kabisa: "Nyie mtaishi vizuri tu bila mie. Watoto wameshakua."

Sisi wengine tungesema ni maneno ya uchovu. Wewe ulituambia baadaye kwamba angepiga kelele usingeshtuka. Ule upole ndio uliokutia hofu ya kumpoteza.

Lakini ungemwambia nini? Kwa desturi ya kwenu, mama mkwe hamfundi mke wa mwanaye. Mambo ya mwili hayapiti kati yao. Na Jesca alilelewa Upareni katika nyumba ya mwinjilisti, hakuwahi kuwekwa ndani kufundwa, hana somo wa kumkimbilia. Ukajifunga kanga, ukaenda kwa Hamida.

"Nimepata mwali," ulimwambia.

"Wa nani?"

"Wa kwangu. Mama Kasiani, mke wa Sebastian."

Hamida aliweka chini ukili aliokuwa anasuka. "Wee Anastasia, umri umekuingia kichwani? Mwali ana mtoto wa sekondari! Namfunda nini, kuosha vyombo?"

"Hamida, damu ikianza tunawaweka wasichana ndani, tunawaimbia, tunawaambia kila kitu. Ikianza kuisha, nani alikuambia wewe?"

"Hakuna," akasema. "Nilidhani nimerogwa."

"Basi njoo kesho. Jesca anataka kutuacha, na simaanishi kurudi kwao."

Kesho yake Hamida alitandika mkeka uani, akamketisha Jesca. Wewe ulisogeza kinu pembeni, ukawapa mgongo, ukaanza kutwanga. Hukumwambia Jesca neno hata moja. Ulizungumza na Hamida tu, kwa sauti ya kutosha.

"Hamida, unakumbuka mwaka ule nilipomrushia Baba Sebastian sufuria?"

"Nakumbuka. Alikukosea nini maskini?"

"Aliuliza chai iko wapi."

Jesca akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mumeo, aliyekuwa ndani, anathibitisha habari ya sufuria.

"Afadhali wewe," Hamida akasema. "Mie nilikuwa natoka kujipepea kila saa, majirani wakasema nawachungulia."

Ukaendelea kutwanga. Kisha mchi ukasimama. "Tena kuna siku, Hamida, niliwaza kwamba nikiondoka duniani hakuna atakayepungukiwa. Niliwaza hivyo huku napika."

Jambo hilo hukuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mumeo. Jesca aliukazia macho mgongo wako. Naye kwa heshima hakukuuliza wewe. "Bibi Hamida," alisema, "naomba umuulize mama kama yale mawazo yalimwisha."

"Mwambie mwanangu yaliisha," ulisema. "Mwambie hayakuisha siku moja. Na mwambie mimi nilikaa nayo peke yangu, ndiyo maana yalikawia. Yeye asikae nayo."

Jesca akalia, Hamida amemkumbatia. Wewe ulitwanga kisamvu kile mpaka kikawa kama unga. Jirani anasema ulikuwa unajifuta macho kwa kiwiko.

Hukuishia hapo. "Sisi tunajua kusema, hatujui kupima," ulimwambia Hamida, naye akampeleka hospitali. Daktari alimweleza Jesca kwamba mwili wake unaelekea ukomo wa hedhi, na kwamba katika kipindi hicho homoni hupanda na kushuka, zikayumbisha usingizi, kumbukumbu na hisia. Akamweleza pia kwamba ameshikwa na sonona, ambayo ni ugonjwa na inatibika, na kwamba mawazo ya kujidhuru ni ya kusema mapema, si ya kufichwa. Alipewa dawa na mshauri wa kuzungumza naye kila wiki. Hamida alimsindikiza kila safari.

Wifi zako uliwakabili mwenyewe, uso kwa uso. "Atakayetaja jini tena hapa," uliwaambia, "atakula kwake."

Kuhusu Sebastian, ulimtuma mumeo akazungumze naye, mwanamume kwa mwanamume. Mumeo, aliyehudhuria masomo ya jioni ukubwani, hakusoma bure. Alianza kumweleza Sebastian tangu mwanzo, maana ya neno homoni, kazi ya ubongo, hata tofauti ya huzuni na sonona, mpaka ukaita kutoka jikoni: "Baba Sebastian, fupisha. Mwambie aache kumuuliza mkewe amekasirikia nini, amuwashie feni na aamke kuwapikia watoto." Sebastian akayafanya yote matatu. Anayafanya mpaka leo.

Jesca alipopata nafuu ulishikilia kwamba lazima atolewe kama mwali yeyote. Tukapika pilau. Akavishwa kanga mpya, akatoka na vigelegele, mwalimu mzima, ameona haya na anacheka. Baada ya chakula wanawake kadhaa wa makamo hawakuondoka. Walimzunguka Hamida wakauliza, "Na sisi je?" Tangu siku hiyo wamekuwa wakikutana uani kwako kila Jumamosi. Jumamosi iliyopita walijaza mikeka yote, mpaka mumeo akatolewa na kiti chake.

Tulipokaa kuandika tangazo hili, kaka yako Fransis alikumbusha kwamba kwa kawaida wakwe hutajwa mwisho. Jesca akasema, "Mjomba, niwekeni popote. Mradi niko kwa wanaokumbuka, siko kwa wanaokumbukwa."

Hapo Fransis mwenyewe akasema Jesca aandikwe wa kwanza.

Unakumbukwa na mkweo na mwali wako Jesca, mumeo Wilfred, mwanao Sebastian, wajukuu zako Kasiani na Edgar, kaka yako Fransis, wifi zako wote, shoga yako Hamida, na wanawake wa Jumamosi.

Maadamu tuko hai, Anastasia, hutatutoka moyoni.