Kitanda Kinachonipita Kimo

Jumanne, 6 Agosti 1974

Kliniki ya wajawazito, mara ya kwanza. Lukumani kanipakia kwenye baiskeli kutoka Isevya, kafunga mto kwenye keria — mume huyu, utadhani anasafirisha mayai! Getini nikavaa kandambili zangu mikononi, nikaingia mwenyewe nikijikokota. Wanawake benchini wakaangalia miguu yangu, wakaangalia tumbo, wakatazamana. Kwani aliyepooza miguu utotoni amekatazwa mume? Nikawasalimia kwa sauti.

Kumbe tabu si wao. Kitanda cha kupimia! Cha chuma, nikikaa chini kinanipita kichwa. Nesi Apolinaria akasema hakishuki, kimeletwa hivyo hivyo. Lukumani haruhusiwi kuingia chumba cha akina mama, ila mhudumu mwanaume anaruhusiwa kunibeba. Ajabu! Akaitwa Selemani, Mzaramo. Akauliza kwetu wapi. Baba yangu Mnyamwezi wa Ipuli, nikamwambia. Akapiga makofi.

"Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani. Leo Mzaramo anambeba Mnyamwezi!"

Nikacheka. Wazaramo ni watani wetu, na mtani ni mtani. Nesi akashika tumbo, akasema mtoto mzima, bado ana nafasi ya kugeukageuka.

Jumanne, 3 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Selemani alinipandisha vizuri tu. Nesi akanipima, akaitwa nje. Nikamwomba Selemani anishushe. Akafunga mikono kifuani. Ushuru wa njia kwanza, akasema! Mzigo wa Mnyamwezi haushuki bure. Mlango wazi, benchi zima linacheka. Gauni limepanda, vijiguu vyangu viko nje, nami juu kule sina pa kushika. Nikacheka nao. Ningefanyaje? Mtani hakasirikiwi, ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Machozi yakanitoka, wakadhani ni ya kicheko. Mpaka nesi aliporudi ndipo akanishusha.

Nyumbani nikamsimulia Lukumani. Naye akacheka! Kisha akaniona uso, akasogea karibu. Akasema kwa upole kwamba mtani hashtakiwi popote. Najua. Hilo ndilo linaloniuma.

Kitanda kile sipandi tena.

Alhamisi, 12 Septemba

Redioni asubuhi: watu wote ni sawa. Ndiyo maana kitanda nacho wametengeneza kimoja kwa wote! Unga wa njano wa msaada umefika dukani, Lukumani yuko foleni. Nashona nguo za Idd kwa cherehani ya mkono. Mtoto anapiga mateke chini kabisa, kwenye kibofu. Nakimbilia chooni mara kwa mara — nakimbilia, mimi!

Jumanne, 1 Oktoba

Nilimwambia nesi anipime nimekaa, mgongo unauma. Uongo. Foleni ilikuwa ndefu, naye kachoka. Alikubali upesi kuliko nilivyotegemea. Akanigusagusa juu ya gauni, nipo kwenye kiti. Moyo wa mtoto akausikia juu ya kitovu, akakunja uso kidogo. Akasema bila mimi kulala hawezi kujua kichwa kiko wapi. Nikamwambia mtoto anacheza sana, hana shida. Akasema basi, tutaona wiki ijayo.

Nimerudi nimefurahi. Mbona usingizi hauji?

Jumanne, 8 Oktoba

Sikwenda. Nimemwambia Lukumani swaumu inanichosha. Sijafunga hata siku moja, naye anajua. Akairudisha baiskeli ndani.

Ijumaa, 18 Oktoba. Idd pili

Uchungu ulinianza alfajiri. Naandika unapotulia. Niko kliniki, sakafuni, kwenye mkeka. Kitandani nimekataa, na hata hivyo hakuna wa kunipandisha, wahudumu wote wako sikukuu. Nesi Apolinaria akatandika mkeka, akapiga magoti. Kumbe inawezekana! Akabonyeza chini, akabonyeza juu, akarudi chini. Nilikuwa namtazama uso.

"Kichwa kiko juu, mama. Kiko hapa, chini ya mbavu."

Nikamuuliza tangu lini. Hajui. Akafuta mikono kwenye aproni, na mikono haikuwa na kitu. Akasema angejua mapema angeniandikia nikalale hospitali kubwa, maana nyonga zangu finyu, hazikukua na mimi. Hakunilaumu. Nami sikumlaumu. Siku ile ya kiti tulikubaliana wawili.

Sasa ni kupasuliwa, na hapa hawapasui. Gari la kliniki lipo, dereva kaenda Igalula kula Idd kwa wazazi. Lukumani katoka na baiskeli kutafuta gari lolote. Naogopa. Namwogopea mtoto tu — uongo, na nafsi yangu pia.

Uchungu umekuja, umepita. Nesi ameshika mkono wangu wa kushoto, huu wa kulia naandikia. Nimemuuliza kitanda cha kupasulia kina kimo gani. Akaniangalia. Kirefu kuliko hiki, akasema.

Basi wanibebe. Yeyote aliyepo. Wakitaka kucheka wacheke, gauni lipande, wanibebe upesi tu kabla —