Muhuri Wangu Si Mali ya Ukoo

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Natumaini umeamka salama huko uliko na kwamba baridi haijakushika kifua kama mwaka jana. Wifi yangu mgongo unaendeleaje? Na yule mwanangu mkubwa, ameshazoea shule mpya, au bado anajitia homa kila Jumatatu? Mwambie shangazi yake anamuulizia. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, analala, na analalamikia redio ya jirani, kwa hiyo ni mzima. Mimi pia ni mzima, ila nina hasira, na nimekusalimu kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Salamu zimekwisha. Sasa tuzungumze.

Mwezi uliopita shemeji yako, huyo kaka wa mkeo, alikuja ofisini kwangu na bahasha ya kaki. Aliketi bila kukaribishwa, akakunja nne, akaitoa karatasi kama mtu anayetoa zawadi. Ilikuwa hati ya uwakilishi. Unajua ni nini, lakini nitakuandikia, kwa maana naona wajua nusu tu. Ni karatasi ambayo mtu anampa mwenzake mamlaka ya kutenda kwa jina lake: kuuza, kupangisha, kutia saini, kana kwamba ni yeye mwenyewe. Hiyo ilisema mama amekupa wewe mamlaka ya kuuza nyumba hii ninayokuandikia nikiwa ndani yake, na kwamba shemeji yako atatekeleza kwa niaba yako. Chini kulikuwa na dole gumba la mama, wino umeshakauka. Pembeni mlikuwa mmeniachia nafasi, na jina langu mmeshalipiga chapa.

Nikamuuliza mwenye dole yuko wapi. Akacheka.

"Dada, si mama yako huyu? Au unataka akuletee kitambulisho?"

Karani wangu aliinama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Mimi sikucheka. Nilimweleza kwa upole, upole ambao leo naujutia, kwamba mthibitishaji wa umma si fundi wa mihuri. Ninapogonga muhuri wangu sisemi kwamba maneno ya kwenye karatasi ni mazuri au mabaya. Nasema jambo moja dogo: kwamba mtu huyu alikuja mbele yangu, nikamtambua, nikaona ana akili zake timamu, ameelewa anachokitia saini, na hakuna aliyemshika mkono. Mimi ni shahidi. Shahidi ambaye hakuona ni mwongo tu mwenye ofisi.

Nikamweleza na la pili, ambalo naona halijawahi kuwapitia akilini. Hata mngemleta mama akaketi kwenye kiti kile kile, nisingegonga. Ni mama yangu. Nyumba ikiuzwa au isipouzwa, mimi nimo. Sheria inataka shahidi asiye na lake. Nyinyi mlidhani kuwa na dada mwenye muhuri ni njia ya mkato, kumbe katika watu wote wa mji huu, mimi na wewe ndio tusiofaa kabisa kuigusa karatasi ile.

Usiku wa siku hiyo ukanitumia ujumbe. Ninao mpaka sasa. Umesema niache mambo ya vitabu, mimi ni mtu wa ndani, nigonge tu. Nigonge tu. Mdogo wangu, wewe unajenga madaraja. Ningekuambia utie saini kwamba daraja ni imara bila kulikanyaga, kwa kuwa fundi wake ni binamu yetu, ungeniona mwendawazimu. Lakini kazi yangu kwako ni kipande cha raba na wino wa buluu.

Nilidhani yameishia hapo. Sikumwambia mama neno, nikijua shinikizo lake la damu. Hilo lilikuwa kosa, lakini si hilo linalonichoma.

Jumanne moja mama akanipigia simu nikiwa na mteja. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akasema kuna watu uani wanapima kwa utepe, mmoja amekanyaga mchicha, na je, hawa ndio watu wa hospitali? Sikumwelewa. Nikamwacha mteja, nikaenda mbio. Nikawakuta wawili na utepe wao, na shemeji yako amesimama mlangoni kama mwenye nyumba. Mama ameketi kitandani, amevaa gauni jipya, miguuni pake kijibegi kimefungwa. Ndani ya kijibegi kuna taulo, kanga mbili, sabuni, na kandambili.

Alikuwa anasubiri kupelekwa kupasuliwa macho.

Soma tena mstari huo kabla hujaendelea. Mama yetu, aliyetushonea sare za shule mpaka mtoto wa jicho akamfunika macho yote mawili, aliwekewa karatasi mezani akaambiwa ni fomu ya upasuaji. Mwanao ndiye aliyeituma, aliambiwa, na daktari anahitaji dole lako tu. Akatoa kidole kwa furaha. Akamwambia shemeji yako asubiri kidogo, akaenda kunawa mkono kwanza, asije akakuchafulia fomu.

Sijui kama ni wewe uliyemfundisha maneno hayo au aliyatunga mwenyewe. Siku hizi kila nikikuuliza unasema laini mbaya. Lakini karatasi ni yako, faida ni yako, na aliyetumwa ni wako, kwa hiyo usijitie hamnazo.

Nikamuuliza shemeji yako anapimisha nyumba ya watu kwa idhini ya nani. Akanitolea ile karatasi, na safari hii ina muhuri. Umegongwa na yule ambaye mji mzima unamwita Bwana Chapchap, mwenye kijimeza mbele ya duka la fotokopi na muhuri kwenye mfuko wa shati. Amethibitisha kwa maandishi kwamba mama alifika mbele yake, akamsomea hati, akaielewa, akatia dole kwa hiari yake. Mama, ambaye haendi hata msalani bila kupapasa ukuta. Mama hajaikanyaga barabara ya duka lile tangu macho yalipoharibika. Nilisimama pale uani nikaisoma karatasi ile mara tatu, mpaka mmoja wa wale wapimaji akaniletea kiti.

Nataka uelewe muhuri ule ulifanya nini. Bila muhuri, karatasi ile ni dole la bibi kizee kwenye karatasi, kila mtu angeuliza maswali. Ukishagongwa, hakuna anayeuliza tena. Mnunuzi haulizi, msajili wa ardhi haulizi, benki haiulizi, kwa sababu wote wanaamini kuna mtu mmoja aliyekwisha kuuliza. Ndiyo sababu tunakula kiapo kabla ya kupewa kazi hii. Maswali ya watu wote yamewekwa kwetu. Ulichofanya si kumdanganya mama peke yake. Umemnyamazisha kila mtu ambaye angeweza kumwokoa.

Kesho yake nikampeleka mama kwa mthibitishaji mwingine, ili aibatilishe hati. Nilimchagua yule mwanamke, wakili mwenzangu, ambaye tumegombana mahakamani mara nyingi na hata salamu yetu ni ya kukata kwa wembe. Nilimtaka huyo huyo, asiye na sababu ya kunipendelea. Basi alinikomoa. Alimpokea mama, akamketisha, kisha akanigeukia na kuniambia niende nikakae nje. Mimi. Nikamwambia ni mama yangu, haoni, na mimi ndiye niliyemleta. Akasema ndiyo maana. Akafunga mlango.

Nikakaa kwenye benchi na watu wenye viapo vya kupotelewa na vyeti, nimevimba kama andazi. Nilikasirika naye, halafu nikakasirika zaidi kwa kuwa alikuwa sahihi. Hakujua kama mimi nami sijampangia mama maneno. Nani alimwambia mimi ni mwema kuliko wewe? Alitaka kumsikia mama mwenyewe.

Mama alinisimulia kwenye gari, na kwa mara ya kwanza wiki ile alicheka. Aliulizwa jina lake, akamjibu mwanamke yule, "Kwani mwanangu hajakwambia?" Akaulizwa tena, akalitaja. Akaulizwa nyumba iko wapi, ina vyumba vingapi, nani aliijenga, anataka ifanywe nini. Akasomewa ile hati yako neno kwa neno, kisha akaambiwa aieleze kwa maneno yake. Mama anasema msomaji alipofika penye kuuza, yeye alimwambia asimame kwanza. Akaomba maji.

Kubatilisha hakuhitaji sababu. Mwenye kutoa mamlaka anaweza kuyarudisha wakati wowote angali hai na ana akili zake. Mama akatia dole jipya, na siku hiyo hiyo nakala ikafika kwa msajili wa ardhi, nyingine kwa shemeji yako, na hii yako imo humu ndani ya bahasha. Mamlaka yako yamekufa. Ukiuza hata kitasa cha mlango sasa ni wizi, na naandika hivyo nikijua maana ya neno hilo kisheria.

Najua utajitetea vipi. Nyumba ni kubwa, mama yuko peke yake, ua umemshinda, angefaa kukaa pazuri karibu na hospitali. Huenda uko sahihi. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaza hivyo. Lakini ulikuwa na jambo la kumwambia mama na hukumwambia. Ulimwogopa mwanamke asiyeona, ukampitia nyuma.

Sasa limebaki moja, na ndilo lililonifanya nikuandikie. Bwana Chapchap bado yuko pale mbele ya duka. Nimeandaa malalamiko kwa wanaomsimamia, ili anyang'anywe muhuri, lakini malalamiko matupu hayatoshi, yanataka hati ya kiapo. Kiapo, mdogo wangu, ni mtu kuandika alichokiona kwa macho yake na kuapa kwamba ni kweli, akijua uongo wake ni jela. Mwenye kiapo hicho kwa haki ni mama: kwamba hajawahi kufika mbele ya mtu yule. Akiapa hivyo ataulizwa nani alileta karatasi, na nani aliituma.

Mama amekataa. Alimwambia yule mthibitishaji aandike tu kwamba amebadili mawazo. Akajibiwa hilo haliwezi kuapiwa kwa sababu si kweli. Mama akasema basi hataapa kabisa, kwa sababu uongo hawezi kuuapia, na ukweli una jina la mwanawe ndani. Nimembembeleza, nimemkasirikia, nimemwambia kesho mtu yule atamfanyia bibi mwingine. Ananisikiliza mpaka mwisho, kisha ananiuliza kama nimekula. Hivyo ndivyo anavyokukinga, wewe uliyeyatumia macho yake kumdanganya. Upasuaji wa kweli nimeshaupanga, ni mwezi ujao, na safari hii fomu nimemsomea mbele ya nesi.

Kwa hiyo kesho asubuhi nakwenda kuapa mimi. Nitaapa niliyoyaona: kwamba shemeji yako aliniletea hati yenye dole lililokauka na mama hayupo, na kwamba ulinitumia ujumbe nigonge tu. Nitaambatanisha ujumbe wako. Jina lako litakuwemo kwa sababu limo. Baada ya hapo yatakayokufuata yatakufuata, na mimi sitayazuia. Kama unataka mama asikie ukweli kutoka kinywani mwako kabla haujasomwa na watu wengine, mpigie leo. Yuko macho mpaka taarifa ya habari iishe.

Wasalimie wifi yangu, ambaye naamini hakujua, na wanao wote, yule mdogo umbusu kichwani. Mama anakusalimu. Binamu yetu mwalimu anakusalimu pia, yeye bado hajaambiwa. Mungu akulinde huko ugenini na akupe moyo wa kurudi nyumbani kwa mlango wa mbele.

Nilipomwambia mama ninachokwenda kufanya kesho, hakunikataza. Alisema tu niandike ukweli, nisiandike kwa hasira. Naye yuko sahihi, kiapo hakina nafasi ya hasira, kinataka mambo yaliyoonekana basi. Ndiyo maana nimekaa hapa tangu mchana nikikuandikia. Hasira yote nimeiacha humu. Kesho nitakuwa nimebaki na ukweli peke yake, na huo ndio utakaokuumiza.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na leo nimeshindwa kukuvumilia.