Safu ya Pili

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na natumaini zinakukuta mzima, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kukaa dirishani kutwa umekupa nafuu. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana, na watoto hawaachi kumuulizia shangazi yao. Mimi mwili ni mzima. Kilichobaki utakiona mbele.

Barua yako niliipata juzi. Umeniambia kwamba hutakwenda kwenye usaili wa ukalimani hapo hospitalini, na kwamba muuguzi mkuu amekataa kukuelewa, akakupa hadi Alhamisi ufikirie upya. Sababu umeitoa kwa sentensi moja: "Kaka, mtu anayeshindwa kumaliza sura mbili za lugha moja, wakati ndugu yake anamaliza nane za lugha nne, akae tu mapokezi agawe kadi." Nimeisoma mpaka nikatamani ungenitukana.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu mimi hushinda kila ubishi, hata ule nisiostahili kushinda. Kwenye karatasi angalau siwezi kukukatiza.

Unakumbuka jambo hili lilivyoanza. Ni mimi niliyelileta Januari, kwa kelele zangu za kawaida, kwamba watu wa umri wetu wamelala, kwamba mtu asiyejiwekea malengo ya kila mwezi hajifunzi bali anajiburudisha. Nikachora karatasi yenye safu mbili, ya kwanza Lengo, ya pili Nilichofanya, tukakubaliana tupeane kila tarehe mosi. Wewe ukachagua Kifaransa peke yake, kwa kuwa wagonjwa wanaovuka mpaka wanakizungumza. Mimi nikachagua Kifaransa, Kireno, Kijerumani na Kichina, kisha nikakutania kwamba lugha moja ni kifungua kinywa.

Karatasi zako ninazo zote tisa. Safu yako ya pili haikuwahi kufanana na ya kwanza. Machi uliandika "nusu sura, zamu zilipishana vibaya". Mei uliandika kwamba hukufungua kitabu kabisa, ila ulimweleza mama mmoja kwa Kifaransa jinsi ya kumpa mwanawe dawa, akarudia maneno yako mara tatu na akapatia. Nami nikakujibu kwa ukali kwamba hiyo si sura, usijidanganye. Zangu zilikuwa safi, sura nane, maneno mia tatu, alama ya vema kila mstari. Najua umezibandika ukutani juu ya meza yako ili zikupe moyo.

Halafu Julai nikaandika ile makala gazetini. Unanijua, nikishika kalamu lazima nimpige mtu. Niliwasomea watu mashtaka ya uvivu aya kwa aya, nikamtaja "mfanyakazi mmoja wa dirishani ninayemfahamu, anayehesabu porojo na wagonjwa kuwa ni masomo". Wasomaji walicheka. Mhariri alinipa mkono. Wewe hukusema neno, nami nikajiambia hukuisoma. Uliisoma. Karatasi yako ya Agosti ilikuja na safu ya pili tupu.

Sasa nikueleze ya wiki mbili zilizopita, ambayo hapa ofisini wananitania nayo mpaka leo. Mtambo wa kuchapia uliharibika, akaletwa fundi kutoka nje, mtu wa Kifaransa tupu. Mhariri, aliyenisoma na kuniamini, akaniita mbele ya wafanyakazi wote niwe mkalimani. Nikamsalimu fundi vizuri sana. Nikamwuliza hali, akajibu. Nikamwuliza jina na umri, akajibu, huku ameshika spana na mafuta yanamchuruzika mkononi. Kisha akaniuliza jambo refu kuhusu mtambo, akanisubiri. Nilichokuwa nacho bado kilikuwa kumwuliza ana ndugu wangapi. Mhariri akasema polepole kwamba labda gazeti litoke na hesabu ya ndugu wa fundi, maana habari nyingine hatuna. Mwishowe fundi alimaliza kazi kwa kuelekezana kwa vidole na wapiga chapa, bila mimi.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Wifi yako hakushangaa. Alikwenda kabatini akanitolea vile vitabu vinne, akavifungua kimoja kimoja mbele yangu. Baada ya sura ya kwanza, kurasa zilikuwa zimenata kama zilivyotoka dukani. Akasema cha Kichina hata vumbi limekikinai. Kisha akaniuliza kwa upole kama wewe unajua. Nilikuwa na wiki mbili za kukuandikia, nikazitumia kutafuta namna ya kulisema jambo hili nibaki mkubwa. Barua yako ndiyo iliyonikuta bado natafuta.

Mdogo wangu, bandua karatasi zangu uzitazame wino. Safu zote mbili ni kalamu moja, mkono mmoja, siku moja. Kila tarehe mosi nilijaza lengo la mwezi unaoanza, na palepale nikajaza kwamba nimelifanya, nikaiweka karatasi mezani ikingoja mwezi uishe. Mwanzoni niliamini nitaikimbilia na kuifikia. Kufikia Aprili nilikuwa sikimbii tena, najaza tu. Hizo sura nane zilizokushinda hakuna aliyezisoma. Umekuwa ukishindana na uongo wangu, na mimi nilikuona unachoka, nikakuita mvivu mbele ya watu.

Sikuombi unisamehe wiki hii. Wiki hii nakuomba jambo moja tu, nenda Alhamisi kwenye usaili. Beba karatasi zako tisa, ninazokurudishia humu, na makosa yake yote, umwonyeshe muuguzi mkuu ile ya Mei. Mhariri nimekwishamwambia yote. Makala ya Jumapili itahusu mtu mmoja tu, na safari hii jina nililoliandika ni langu.

Barua hii naikabidhi kwa dereva wa gari la magazeti, anayepita hospitalini kwenu alfajiri, ili ikuwahi. Ndani ya bahasha utakuta karatasi yangu ya mwezi huu. Safu ya pili nimeijaza leo, tarehe thelathini. Kifaransa, nusu sura. Kireno, sikufungua. Kijerumani, sikufungua. Kichina, sikufungua. Ukipenda, ibandike pale pale palipokuwa na zile nyingine.

Wasalimie wenzako wa mapokezi. Wifi yako anasema ukishafanya usaili umpigie yeye, si mimi, nami nimeona ana haki.

Ni mimi kaka yako,
uliyekuwa ukiniita Bwana Hoja