Herufi Saba za Mama Evarist

Mwalimu wangu Sipriani,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini mkono umekataa kuanza bila kukusalimu.

Darasa la kisomo bado linakutana alasiri hapa shuleni Mabawe, watu wakitoka shamba na udongo miguuni. Sasa nalifundisha peke yangu. Tangu tukuzike nimetaka kukupa habari za Mama Evarist, maana ulianza naye na hukuuona mwisho.

Unakumbuka nilivyomharibia. Ndiyo kwanza nimetoka chuoni, kalamu nyekundu mfukoni, najiona. Yeye ni mjane, mwanawe wa pekee yuko vitani, na barua za kijana huyo zilisomwa na katibu wa kijiji kwa sauti, mbele ya kila aliyekuwepo ofisini. Alikuja kisomo ili asome ya mwanawe mwenyewe, basi. Siku ile aliandika "mahalage". Nikalikata neno, nikainua daftari wote waone. Walicheka. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Hukunigombeza. Ulinikalisha kwenye benchi nje, ukaniuliza, "Neno lile lina herufi ngapi?" Nikahesabu, nane. "Mbovu ngapi?" Moja. "Na zile saba, nani amemwambia kuwa ni nzima?"

Hata leo nikikumbuka uso unanichoma.

Ndipo ukatoa daftari lako la chuo, kurasa zimekuwa rangi ya chai, ukanisomea habari za panya aliyebonyeza kitufe akapata chakula, akakibonyeza tena na tena. Nikasema, kwa jeuri yangu, kwamba watu wa Mabawe si panya. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Si panya," ulisema, "lakini nao hurudi pale walipopata jema. Wewe umemwadhibu, na amejifunza kweli. Amejifunza kukwepa darasa." Daftari liliita jambo hilo uimarishaji. Wewe uliliita kumwonyesha mtu alipopatia.

Ukanituma kwake. Nilimkuta anamenya ndizi. Nilipiga magoti, nikaomba radhi. Alimenya nyingine mbili kabla ya kusema, "Mwalimu, mimi nina mvi. Kuchekwa na watu niliowabeba mgongoni sijazoea." Halafu akaniuliza kipindi ni saa ngapi, kana kwamba hajui!

Tulikwenda naye polepole. Silabi moja akiipatia, nasema papo hapo, "Hiyo ndiyo." Neno zima, wewe unampa chaki aliandike ubaoni, na wenzake wanalisoma. Alipoanza kuzoea, ukaniambia nipunguze sifa: leo nisifu, kesho ninyamaze, mpaka kusoma kwenyewe kumtoshe. Hapo tulibishana. Niliona ni ukatili. Tulikuwa bado tunabishana ulipolazwa, na hukurudi.

Basi sikia. Wiki ya pili baada ya mazishi barua ilifika. Katibu akaifungua kama kawaida. Mama Evarist akanyoosha mkono. "Nipe. Imeandikwa jina langu." Katibu akampa. Akaketi mlangoni penye mwanga, kidole kwenye mstari, midomo ikicheza. Nilisimama karibu nikiwa na "Hiyo ndiyo" yangu tayari mdomoni, nikingoja aniangalie.

Hakuniangalia hata mara moja, Mwalimu. Alikwama mahali, akarudi nyuma, akapita mwenyewe. Alicheka peke yake. Baadaye akajifuta macho kwa khanga, akaikunja barua, akaiweka kifuani. Katibu akauliza, "Anasemaje?" Akajibu, "Amenisalimu mimi." Akaenda zake.

Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na sikuwa na huzuni. Ulikuwa umeshinda ubishi, nawe hukuwepo kunicheka.

Vita vimekwisha sasa. Evarist amerudi, amekonda ila mzima, na mama yake anamlisha kama anayemnenepesha kwa sikukuu. Mimi nimeanza kuwaandikia walimu wapya wa shule yetu yale uliyonifundisha, kwa Kiswahili cha kawaida, kisichohitaji chuo. Nakuahidi nitaandika mpaka mwisho, na pale tulipobishana nitaweka wazi nani alikuwa na haki.

Pumzika, Mwalimu. Jumapili baada ya misa nitapita kaburini kwako kupalilia. Mvua imeotesha majani mengi.

Mwanafunzi wako,
Veneranda