Uzio wa Prentice Kwenye Njia ya Farasi

Dada Maud,

Huku Dorset sijambo, ila magoti yamegoma. Yule tajiri mgeni, Prentice, ameiziba kwa uzio njia yetu ya farasi iendayo kanisani. Kaburi la mke wangu Hester sasa nalitazama kwa mbali kama mwizi. Nikamfuata Prentice, naye akaniambia:

“Zunguka barabarani, babu. Kwa gari si mbali.”

“Gari langu ni hii miguu. Na njia ni ya watu wote, kijana. Wewe umenunua nyasi tu.”

Akacheka, mshenzi yule.

Sheria inamruhusu mpitaji kukata kizuizi kiasi cha kumtosha kupita. Basi kesho nabeba msumeno na maua ya Hester. Nimeazima farasi wa kukokota magogo nipite nimempanda, mnyama mpana kuliko wote kijijini.

Kaka yako mkorofi,
Amos