Kompyuta ya Siafu Nayo Inafunikwa

Nyumbani,
Mlango wa bluu, nyuma ya duka la rangi,
Jumapili, nguo zikiwa bado kwenye kamba.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na huo mgongo wako ulioumia kwa kuwageuza wagonjwa kitandani, umepoa au bado unajikanda mwenyewe? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine, maana ninyi wauguzi ni hodari wa kuuliza ya watu, ya kwenu mnayapitia mbali. Sisi huku hatujambo. Nimeliandika neno hilo, nikarudi nikalisoma, nikaona ni kweli, nikaliacha.

Barua yako niliipata. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama mlangoni, mara ya pili nikatafuta kiti. Umenigombeza, na una haki. Mtu anakuandikia kwamba binti yetu ameanguka kwenye ngazi za ofisini kwao, halafu anaishia hapo, wewe ungefanyaje? Ukasema hiyo tovuti yake iachwe mara moja, na kama mimi mama yake siwezi kumkataza, nimlete kwako, wewe mama yake mdogo umkataze. Sasa tulia nikueleze, maana mtoto haji huko, tovuti hajaiacha, na ni mzima.

Daktari alisema hakuna kilichovunjika. Presha ilikuwa chini, tumbo tupu tangu asubuhi, na usingizi wa kudokoadokoa. Mchana anaandika programu za kampuni yao, akirudi nyumbani anaandika za kwake, na chakula ni biskuti zinazomwaga makombo kwenye kompyuta. Akampa mwezi mmoja ajirekebishe, kisha arudi apimwe. Akimkuta vilevile, atamwandikia barua ya kupumzishwa kazini, na hiyo kompyuta ya nyumbani asiiguse kabisa. Alisema kwa sauti ya chini. Wewe unawajua madaktari wakianza kusema kwa sauti ya chini.

Na jina la Siafu ulimpa wewe mwenyewe, kwa vile alikuwa hakai kitako hata kwa kusukwa nywele. Ungemwona alivyogeuka. Akishika kile kiti, mpaka umwite mara tatu ndipo kichwa kiinuke, na macho hayakuoni.

Hebu nikuambie na tovuti yenyewe ni ya nini, maana hata mimi nilidhani ni mambo ya vijana. Shule zikikaribia kufunguliwa, wateja huniletea sare niachie mapindo. Mwaka jana akaja Mama Pacha wa nyumba ya pili na sketi ambayo pindo lake nimeshaliachia mpaka limekwisha. Nikamwambia hapa hapana cha kuachia tena. Akaikunja taratibu, akashukuru, akaondoka. Siafu alikuwa pale anakunywa chai. Akainuka, akafungua ule mfuko mkubwa nyuma ya mlango, wenye nguo nzima kabisa ambazo watu waliniachia kwa kuwa watoto wao wamekua. Akatoa sketi ya rangi ileile, imezidi ile ya kwanza kidogo tu. Mimi nilishaisahau. Akasema, "Mama, alichokuwa anakitafuta kilikuwa nyuma yake." Ndipo alipoanza. Mzazi mwenye sare isiyomtosha mwanawe aiandike humo, asiye nayo aitafute humo, wapeane bila senti. Alitaka iwe tayari kabla ya shule kufunguliwa mwaka huu.

Sasa sikia vituko. Alipotoka hospitali alinunua saa ya mkononi, zile zinazojua kama umetembea au umekaa. Ukitembea vya kutosha inawaka na kukupongeza. Nikafurahi. Siku anazofanyia kazi nyumbani, kila jioni ananionyesha, mama angalia, leo nimetembea sana. Nami moyoni nasema Mungu ni mwema. Ila nikawa najiuliza, mbona ndala zake ziko palepale mlangoni zilipokuwa asubuhi?

Jumamosi moja nikainama kutia mafuta kwenye cherehani yangu. Nikaona kitu kinawaka chini, kwenye pedeli. Ile saa. Ameifunga hapo kwa lastiki yangu mwenyewe. Yaani mimi nakanyaga tangu asubuhi nashona mashati ya watu, yeye kakaa anapongezwa.

Nilimwita nikamwambia, "Cherehani yangu ina afya nzuri kuliko wewe."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona mimi sicheki, akainama kuifungua saa kwenye pedeli.

Siku hiyo nilimwambia yaleyale uliyoyaandika wewe. Aiache hiyo tovuti. Mshahara anao, kazi anayo, haya mengine ya nini. Hakunijibu kwa ukali, unamjua. Alikaa kwenye kigoda changu cha wateja, anaipindapinda ile lastiki, mwisho akasema, "Mama, ya ofisini naifanya kwa sababu wanataka. Hii naifanya kwa sababu naitaka. Ukinikataza nitakaa zaidi, maana sitakuwa na cha kunifanya niinuke."

Mdogo wangu, mimi sikusoma sana, lakini hilo nililielewa. Marehemu mama alipotaka niache kushona nilipokuwa na mimba ya Siafu, nilisema maneno karibu na hayo, wewe ulikuwepo.

Basi tukakubaliana, na wazo lilikuwa lake. Unajua mimi taa za barabarani zikiwaka naifunika cherehani, hata kama imebaki kola moja. Macho yangu hayataki mchezo. Akaomba nishone kifuniko na cha kompyuta yake, chenye kifungo, ili vyote vifunikwe kwa pamoja. Nikatoa kile kipande kilichobaki cha pazia ulilonunua ulipokuja mara ya mwisho, lile la maua makubwa ambalo shemeji alisema linatisha. Kimetosha kabisa. Nikakitia na bitana. Ukiingia humu ndani sasa utadhani kuna cherehani mbili.

Usidhani ilikuwa rahisi. Siku za mwanzo alikuwa anakifunika huku mkono mmoja bado uko ndani. Namwambia toa mkono, anasema mama nusu mstari tu. Hiyo mistari yao sijui ina urefu gani.

Na kutembea, saa tuliiweka pembeni. Sasa akitoka kazini anarudi kwa miguu, nami natoka kumpokea kwenye kona ya duka la dawa, tunarudi wote. Njia nzima ananieleza mambo ya tovuti. Mimi naitika enhe, ahaa, kumbe, sielewi hata moja. Lakini nimegundua haihitaji nielewe. Anaongea, anaongea, mara anasimama ghafla, anasema, nimepata. Siku moja aliposimama hivyo alishika nguzo ya umeme akacheka peke yake, muuza magazeti akadhani tunamcheka yeye. Ikabidi tununue gazeti.

Kaka yetu alipopita na lori lake akasikia habari hizo, akasema Siafu hatafuti afya, anatafuta mchumba kwa miguu. Siafu akamjibu, "Wewe mjomba unatafuta kwa lori na hujapata." Kaka akavuta bakuli la mboga, akajipakulia upya. Ndiyo, tunakula mezani sasa, na Siafu anakula chakula chenye mboga, kwa uma, sio kwa kuchungulia kompyuta.

Lakini shule hazimngoji mtu. Kadiri siku zilivyokaribia akaanza kubadilika tena. Alikuwa ametaka shule zote za mji, na picha za kila nguo, na ramani, na sijui watu waandikiane humohumo. Kwa jioni zile fupi haikuwezekana. Nikaona anakiangalia kile kifuniko cha maua kama adui yake. Nilijua anataka kuniomba nimwachie, nami kusema kweli nilishakuwa nimelegea, nilikuwa namhurumia. Tukawa tunatembea, tumefika karibu na duka la rangi, akasema anapunguza. Itakuwa shule tatu tu za mtaa wetu, mashati, sketi, kaptula na viatu. Bila picha, bila ramani. Alisema hivyo akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Usiku ule alilala mimi bado naosha vyombo.

Akaifungua Jumamosi, leo ni siku ya nane. Mama Pacha ndiye aliyetangulia kuandika, akaweka mashati mawili, kisha wengine wakafuata. Mimi mwenyewe nimeandika ule mfuko wote wa nyuma ya mlango, nguo moja moja, kwa kidole kimoja. Watu walianza kugongeana milango. Nyumba ya nne kwenda ya saba, ya saba kuja kwangu. Nilikuwa najiona kama mama harusi.

Kufika jioni, taa za barabarani zinakaribia kuwaka, simu ikaanza. Viatu vimeharibika. Ukitafuta kiatu cha ukubwa wowote, tovuti inakupeleka kwa mwenye viatu vya chekechea. Kuna baba mmoja kapanda ngazi za ghorofa tatu kufuata viatu vya kijana wake wa sekondari, kakabidhiwa vinavyoenea kiganjani. Mtu akanipigia mimi, mama wa mwenye tovuti, eti niwaambie kulikoni. Nikamwona Siafu amesimama mbele ya kompyuta, mkono uko juu ya kifungo, hajafunga wala hajafungua. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, sasa anakaa kile kiti, na asubuhi tutaanza tena kule kwenye ngazi. Na bado, utanisamehe, ni mimi niliyemwambia akae tu, kwa leo tu, watu wanangoja.

Yeye akakivuta kifuniko mpaka chini. Akafunga kifungo.

Akasema, "Viatu havikui usiku, mama. Wanaokua ni watoto, tena wakiwa wamelala. Na mimi nalala."

Akachukua simu akaweka tangazo fupi kwamba viatu ni kesho, mtuwie radhi. Akala, akaoga, akalala. Hakuna aliyekuja kutuvunjia mlango. Asubuhi aliamka mapema, akafungua maua yake, na chai niliyommiminia ilikuwa bado inatoa moshi aliposema tayari. Kumbe kosa lilikuwa dogo tu, ila kichwa kilichochoka kisingeliona. Yule baba alipata viatu siku hiyohiyo, na vile vidogo akampelekea jirani yake.

Alhamisi tumerudi kwa daktari, nami nikiwa nimevaa lile gauni la kwendea mahali pa maana. Presha iko sawa, uzito umeongezeka kidogo, na macho si mekundu. Hakuna barua ya kupumzishwa. Daktari akauliza anatumia dawa gani, Siafu akasema, kitambaa cha pazia. Daktari akaniangalia mimi, nami nikaangalia ukuta. Akasema arudi baada ya miezi kadhaa, kwa kuangalia tu. Kwa hiyo usikate tiketi wala usitandike kitanda. Shule nyingine ataziongeza polepole, mwaka wote uko mbele yake.

Ile saa siku hizi naivaa mimi. Ilishanizoea.

Mambo mengine madogo. Bati la jikoni limezibwa, halivuji tena. Vile vifungo vya lulu ulivyoahidi bado sijaviona, sikukumbushi, nakuarifu tu. Mama Pacha anakusalimu na anauliza kama kweli huko mnavaa makoti mpaka ndani ya nyumba.

Lakini lipo moja la mwisho, nalo linanihusu mimi, na utacheka. Tangu tovuti ifunguliwe nilikuwa nalala na simu mkononi. Naangalia nani ameandika, nani amepata, kaptula ya mtoto wa fundi bomba imechukuliwa au bado. Nasinzia, nashtuka, naangalia tena. Juzi Siafu kaniona macho yamenivimba. Alichukua utepe wangu, akaipima simu yangu urefu na upana, akakaa kwenye cherehani. Nilisimama nyuma yake ulimi ukiniwasha, maana anashona kama anayeendesha gari bovu, lakini nilijizuia. Ametoa mfuko mdogo wa maua yaleyale, upande mmoja umekwenda kombo, na kifungo chake. Taa za barabarani zikiwaka sasa vinafunikwa vitatu.

Kitambaa kilibaki kidogo. Utaukuta humu ndani ya bahasha mfuko wa simu yako, wa zamu zile zako unazorudi asubuhi halafu unakaa kutuandikia ujumbe badala ya kulala. Huo nimeushona mimi, kwa hiyo umenyooka. Siafu anasema uutumie, ama yeye atakuja huko akukataze.

Nisalimie shemeji, mwambie pazia lake la kutisha limefanya kazi. Nisalimie mtoto wako mkubwa na yule kitindamimba mwenye meno ya sungura, na wifi yako wa ghorofani. Kaka anakusalimu, na Siafu anakupenda.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe mgongo mzima na usingizi wa kutosha.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponigombeza.